Wewe ni wa Kanisa Gani?

Mazungumzo ya redioni. Somo: Matendo ya Mitume 22:1–21

  Leo nataka tuzungumze juu ya swali ambalo wengi wetu huulizwa, na ambalo wengi hulijibu ama kwa aibu ama kwa majivuno. Swali lenyewe ni hili: "Wewe ni wa kanisa gani?"

Kwa mtu aliyebaki katika kanisa alimobatizwa, swali hili ni jepesi. Hutaja jina la kanisa lake na mazungumzo yakaendelea. Lakini kwa mtu aliyelelewa katika dhehebu moja, na leo anaabudu katika dhehebu jingine, swali hili lina uzito. Anayeuliza huenda ni mama yake mzazi. Huenda ni mzee wa kanisa aliyemfundisha katekisimu. Huenda ni wazazi wa msichana anayetaka kumwoa. Na nyuma ya swali hilo lipo swali jingine lisilotamkwa: "Je, umetuacha?"

Nenda katika soko la Gakoromone, hapa mjini Meru. Utakuta ndizi za Imenti, viazi vya Kibirichia, ndengu na mtama kutoka Tharaka, mchele wa Mwea. Mnunuzi huuliza bei, hugeuza kiazi mkononi aone kama kimeoza, hulipa, akaenda zake. Haulizi kama mkulima aliyekipanda ni Mmethodisti au Mkatoliki. Lakini watu hao hao wakianza kuzungumza juu ya harusi au mazishi, swali la kanisa huja upesi, na mara nyingine sauti hupanda. Kwa nini jina la kanisa lina nguvu hivyo kati yetu?

Ndugu msikilizaji, inafaa tukumbuke tulivyoyapata majina haya. Wamethodisti walianza kazi yao Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862. Miaka hamsini baadaye, mwaka 1912, walifika Meru na kujenga kituo chao Kaaga. Waanglikana wa misheni ya CMS walikuwa wamefika Kigari, katika nchi ya Embu, mwaka 1910. Wakatoliki wa shirika la Consolata walifika Meru mwaka 1911. Wapresbiteri kutoka Scotland walifungua kituo cha Chogoria mwaka 1922, chini ya Daktari Archibald Irvine, wakahudumia watu wa Mwimbi na Chuka. Misheni za Kiprotestanti zilikubaliana kugawana nchi ili zisigombanie watu. Upande huu wa mto watahubiri hawa, na upande ule wale.

Basi mtoto aliyezaliwa karibu na Kaaga alikuwa Mmethodisti. Binamu yake aliyezaliwa Chogoria alikuwa Mpresbiteri. Mwingine aliyezaliwa Kigari akawa Mwanglikana. Wazee wetu wengi hawakukaa chini na kupima mafundisho ya John Wesley na ya John Calvin kisha wakachagua. Walipokea Injili kutoka kwa mtu aliyewafikia, wakamshukuru Mungu, na jina la kanisa likaja pamoja na Injili. Sisemi haya kuyadharau makanisa hayo. Shule tulizosoma na hospitali tulizotibiwa zilitoka mikononi mwao. Nasema tu kwamba ramani ya madhehebu ilichorwa na wanadamu kwa sababu za kazi. Wokovu haukuchorwa katika ramani hiyo.

Na hao wamishonari wenyewe walilitambua jambo hilo. Mnamo Juni 1913 walikutana Kikuyu, katika misheni ya Wascotland, wakatafuta njia ya kufanya kazi kama kanisa moja. Mwishoni mwa mkutano Askofu William Peel wa Mombasa, ambaye alikuwa Mwanglikana, aliongoza Ushirika Mtakatifu ndani ya kanisa la Wapresbiteri, na watu wa madhehebu mengine wakashiriki pamoja naye. Habari hizo zilipomfikia Askofu Frank Weston wa Zanzibar alipinga vikali. Aliwashtaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, na magazeti ya Uingereza yakajaa mabishano. Kanisa moja halikupatikana. Lakini mwaka 1918 misheni ziliunda muungano wa ushirikiano, na kutokana na muungano huo ikazaliwa shule ya Alliance mwaka 1926. Waliomba kuwa na nyumba moja. Walipata ujirani mwema. Nao ujirani mwema si kitu kidogo.

Leo ramani ile ya zamani imefutika. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, Wakenya asilimia 33.4 waliandikwa kuwa Waprotestanti, asilimia 20.6 Wakatoliki, asilimia 20.4 watu wa makanisa ya kiinjilisti, na asilimia 7 watu wa makanisa yaliyoanzishwa na Waafrika. Katika mji kama Meru makanisa hayo yote yamo katika barabara moja. Mtu huhama kwa ajili ya ndoa. Mwingine huhama kwa ajili ya kazi. Mwingine amesoma Maandiko na dhamiri yake ikamwongoza mahali pengine. Mwingine, tuseme kweli, amehama kwa sababu ya ugomvi juu ya fedha za harambee au juu ya kiti cha uongozi. Basi karibu kila boma lina mtu mmoja ambaye ni lazima ajieleze.

Atajielezaje? Tumwangalie Mtume Paulo katika somo letu la leo.

Paulo alikamatwa hekaluni Yerusalemu. Watu walitaka kumwua, kwa kuwa walidhani ameisaliti dini ya baba zao. Askari Warumi walimwokoa wakamchukua hata kwenye ngazi za ngome. Hapo akaomba ruhusa aseme na watu. Fikiri, mpendwa. Mtu amepigwa, nguo zimeraruka, na waliompiga wako mbele yake. Angeweza kuwalaani. Badala yake akawapungia mkono, wakanyamaza, akaanza kujieleza. Nataka tuangalie mambo matatu aliyoyafanya.

Jambo la kwanza: aliwaita ndugu na baba, na akasema nao kwa lugha ya nyumbani. Luka anatuambia kwamba waliposikia lugha yao walizidi kunyamaza. Paulo alijua Kiyunani vizuri, lakini siku ile hakukitumia kuonyesha kwamba yeye sasa ni mtu wa daraja nyingine. Wako ndugu zetu ambao wakihama kanisa huhama na lugha pia. Akirudi nyumbani hata salamu imebadilika. Babaye akimwamkia kwa salamu aliyomlea nayo, yeye hujibu kwa maneno ya mkutano wa injili, kana kwamba mzee amekuja mbele kuombewa. Mpendwa, baba yako ni baba yako. Msalimu kama mtoto anavyomsalimu baba. Heshima haijawahi kumzuia mtu kwenda mbinguni.

Jambo la pili: Paulo alimtaja mwalimu wake. Aliwaambia kwamba alilelewa katika mji ule, na kwamba Gamalieli ndiye aliyemfundisha sheria. Hakusema kwamba miaka ile ilikuwa ya bure. Hakumtukana Gamalieli. Kweli, katika waraka wake kwa Wafilipi anasema kwamba mambo aliyojivunia zamani ameyahesabu kuwa hasara kwa ajili ya Kristo. Lakini angalia vizuri: kilichohesabiwa hasara ni majivuno ya Paulo, wala si mwalimu aliyemfundisha kusoma Torati. Wahenga walisema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Kanisa lililokufundisha Sala ya Bwana, likakuimbisha nyimbo za Sunday school, likakupa hofu ya Mungu ungali mdogo, hilo lilikuwa mkunga wako. Leo unaweza kuwa umeona mwanga zaidi mahali pengine. Sawa. Lakini macho unayoonea mwanga huo, ni nani aliyekufungua?

Jambo la tatu: Paulo alieleza lililompata. Hakutoa orodha ya makosa ya Wayahudi. Alisimulia njia ya Dameski, mwanga, sauti, upofu, na Anania aliyemjia. Tena akawaambia kwamba Anania alikuwa mtu mcha Mungu aliyesifiwa na Wayahudi wote wa Dameski. Huo ndio ushuhuda. Ushuhuda husema, "Bwana alinitendea hivi." Mashtaka husema, "Ninyi mlikosea hivi." Watu wengi waliohama wanapoulizwa habari za imani yao hutoa mashtaka wakidhani wametoa ushuhuda. Ukimwuliza, "Kwa nini uko kanisa lile?" atakwambia habari za mchungaji wa zamani, habari za michango, habari za kwaya. Dakika kumi zitapita na hajalitaja jina la Yesu.

Je, watu walimkubali Paulo? La. Walimsikiliza mpaka alipotaja kutumwa kwa watu wa mataifa, ndipo wakapaza sauti kwamba hafai kuishi. Basi usifikiri kwamba ukijieleza kwa upole kila mtu atakupigia makofi. Huenda mjomba wako akakasirika hata ujieleze namna gani. Lakini upole haukuamriwa kwa sababu unashinda mabishano. Mtume Petro anatufundisha tuwe tayari kumjibu kila mtu anayeuliza sababu ya tumaini letu, na jibu hilo liwe na upole na hofu ya Mungu. Tukitimiza hilo, sehemu yetu imekwisha.

Sasa kuna jibu jingine ambalo limeenea sana siku hizi. Mtu akiulizwa ni wa kanisa gani, husema, "Mimi sina dhehebu. Mimi ni wa Kristo tu." Jibu hilo lina sauti nzuri. Lakini soma waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya kwanza. Kanisa lile liligawanyika. Wako waliojiita watu wa Paulo, wengine wa Apolo, wengine wa Kefa. Na lilikuwapo kundi la nne: wale waliojiita watu wa Kristo. Na mtume anawahesabu pamoja na wengine katika mafarakano hayo! Jina la Kristo laweza kugeuzwa kuwa bendera ya chama. Mtu anaposema "Mimi ni wa Kristo tu," akimaanisha "na ninyi si wake," amefanya dhehebu jipya la mtu mmoja. Tena mkristo asiye na kanisa lolote, nani atamtembelea akiugua? Nani atamwonya akipotoka? Nani atamzika?

Nikiulizwa mimi, najibu hivi. Mimi ni mtu wa Yesu Kristo, aliyenikomboa kwa damu yake. Nililelewa na Wamethodisti hapa Imenti. Kwao nilijifunza kusoma Biblia na kuimba. Nilipoajiriwa mbali na nyumbani, Wapentekoste walikuwa jirani zangu, wakaniombea katika ugonjwa, wakanifundisha, na kwao ninatumika mpaka leo. Ndilo jibu langu lote. Kwanza mwenye mali, halafu walionilea, halafu ninapofanya kazi. Nimeona kwamba utaratibu huu ukigeuzwa, ukianza na jina la kanisa, mlango hufungwa kabla hujamfikia Bwana.

Lakini liko swali gumu zaidi, na sitalikwepa. Mama yangu aliposikia kwamba nimebatizwa tena kwa kuzamishwa majini, hakukasirika. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Basi, siku ile niliyokubeba kwenda kanisani ilikuwa bure?" Wapendwa, akina mama wengi katika nchi hii wamebeba swali hilo mioyoni na hawana wa kumwuliza. Makanisa yetu hayajapatana juu ya ubatizo wa watoto wachanga, wala sitawapatanisha kwa dakika chache za redio. Lakini nilimjibu mama, na nawapa jibu hilo: "Mama, siku ile ulinipeleka mbele za Mungu ukamwomba anishike. Mimi sikujua lolote. Nilipoingia majini nilikuwa nakiri mbele ya watu kwamba Mungu alikusikia." Hakusema neno. Alinitilia chai. Jumapili iliyofuata nilikaa karibu naye katika kanisa lake, tukaimba wimbo anaoupenda kutoka kitabu kimoja.

Kijana uliyehama, usimwache mama yako na swali hilo. Mwambie kwamba maombi yake hayakupotea. Na siku ya msiba, baba akifariki, ibada iwe ya kanisa alilolipenda yeye. Usisimame kando ya kaburi ukibishana na mzee wa kanisa nani ashike kipaza sauti. Beba jeneza pamoja na ndugu zako. Ukipewa nafasi, omba kwa maneno machache. Mazishi ya mzazi si mahali pa kuonyesha tofauti za mafundisho.

Sasa nina neno kwa ninyi mliobaki, wazazi na wazee wa kanisa. Mtoto wenu aliyehamia kanisa jingine la Kristo si mwana mpotevu. Yule mwana mpotevu alikwenda nchi ya mbali akaishia kulisha nguruwe. Huyu wenu anasoma Biblia ile ile na kumwomba Baba yule yule. Amehamia chumba kingine cha nyumba. Mnaweza kuhuzunika, kwa maana kiti chake ki wazi. Mungu hakatazi huzuni hiyo. Lakini msimwite msaliti. Kumbukeni ndugu wa uamsho uliotoka Rwanda na Uganda na kufika Kenya mwaka 1937. Wengi wao walibaki katika makanisa yao, Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti, lakini waliketi katika ushirika mmoja, wakaungama dhambi pamoja, wakaitana ndugu. Hawakungoja maaskofu wamalize mabishano yao. Ikiwa hao waliweza kuwa ndugu na watu wa kanisa jingine, je, sisi hatuwezi kuwa ndugu na watoto wa matumbo yetu?

Hata hivyo, sisemi kwamba kila mlango wenye msalaba juu yake ni mlango wa nyumba ya Mungu. Mwaka 2023 nchi yetu ilishuhudia maiti zaidi ya 400 zikifukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, maiti za watu waliofuata mafundisho ya kufunga mpaka kufa, na watoto walikuwa kati yao. Kwa hiyo kuhama si jambo la kufanya kwa kufuata umati wala kwa kufuata kipaza sauti. Pima. Je, mhubiri huyo anakubali kuulizwa maswali? Je, Biblia inafunguliwa, au ndoto zake tu? Je, anakuamuru uwakane wazazi wako, umtoe mtoto shuleni, utupe dawa za hospitali, uuze shamba umpe fedha? Mahali panapokutaka uikate jamaa yako ili ujulikane kuwa mtakatifu, toka hapo, tena toka upesi. Bwana Yesu alipokuwa msalabani alimkumbuka mama yake akamtafutia mtu wa kumtunza. Anayekufundisha kumsahau mama yako hakujifunza hilo kwa Bwana.

Na wewe unayefikiri kuhama, jiulize sababu yako ukiwa peke yako mbele za Mungu. Kama ni dhamiri, nenda kwa amani, na uage. Naam, uage. Nenda kwa mchungaji wako, mwambie, mshukuru, omba baraka yake. Kama ni hasira, basi patana kwanza. Mwenye hasira akihama huenda na hasira yake, na baada ya miaka miwili atahama tena. Mkataa kwao ni mtumwa, walisema wazee. Na mtu aliyetoka kwao kwa matusi hana njia ya kurudi hata kusalimia.

Mpendwa msikilizaji, wiki hii mtu atakuuliza, "Wewe ni wa kanisa gani?" Usione haya, wala usitafute vita. Mtaje Bwana aliye wako. Washukuru waliokulea. Sema mahali unapotumika. Kisha mwulize na yeye habari zake, nawe umsikilize mpaka amalize.

Na tuombe. Ee Mungu Baba yetu, uliyetuita kwa njia nyingi tukufikie kwa Mwana wako mmoja, tunakushukuru kwa wote waliotufundisha jina lako tungali watoto. Wafariji wazazi wanaohuzunika leo kwa kuwa kiti kimoja ki wazi kanisani. Walinde vijana wasianguke mikononi mwa walaghai. Utupe ndimi za upole katika nyumba zetu, katika masoko yetu na kando ya makaburi ya wapendwa wetu. Utulinde mpaka siku ile utakapotukusanya sote mahali pamoja. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.